Mabao Kumi na Manane



Siku Daudi aliporudi kutoka vitani baada ya kumwangusha Goliathi Mfilisti, wanawake walitoka katika miji yote ya Israeli kwenda kumlaki mfalme Sauli. Walikuja wakicheza na kupiga matari, wakaimba kwa kupokezana. Katika wimbo wao walimhesabia Sauli maadui elfu, na Daudi wakamhesabia makumi elfu. Hawakukusudia ubaya. Walikuwa wamefurahi tu, na mwenye furaha hapimi maneno yake kwa mizani. Walakini Kitabu cha Kwanza cha Samweli, katika sura ya 18, chatuambia kwamba tangu siku ile Sauli alimtazama Daudi kwa jicho la husuda, na kesho yake mkuki ukarushwa ndani ya nyumba ya mfalme.

Mkuki ule ulianzia katika wimbo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kelele za washangiliaji ni upepo mtupu.

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya washangiliaji, yaani sisi tusiocheza, tunaokaa kando ya uwanja au mbele ya luninga na kusema "tumeshinda" hali hatukuugusa mpira. Tumechagua mfano wa mpira wa magongo, mchezo unaochezwa na wachache katika nchi yetu, ili mpenzi wa Simba na mpenzi wa Yanga wausome ukurasa huu kwa moyo mtulivu, bila kudhani kwamba twaisema timu yao. Kama mmoja wao atajiona humo kabla ya kufika mwisho, hilo ni baina yake na dhamiri yake.

Wasioujua mchezo huu na wafahamu hivi. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, kama katika kandanda. Kila mmoja ana gongo lililopinda nchani, nao hugombea mpira mdogo, mgumu kama jiwe, na bao halihesabiwi ila mshambuliaji ameupiga mpira akiwa ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya lango. Mlinda lango hujifunga ngao nene miguuni, na kazi yake haina raha. Waingereza ndio walioupa mchezo huu sheria zake, na askari wao wakaupeleka India. Kwetu Afrika ya Mashariki ulishikwa hasa na watu wenye asili ya India, na miongoni mwao Wagoa, ndugu zetu katika imani, pamoja na Masingasinga. Timu ya Kenya, iliyokuwa na wengi wa watu hao, ilipata nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971. Si jambo dogo.

Lakini taifa lililoushangaza ulimwengu katika mchezo huo ni India yenyewe. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928 huko Amsterdam, Wahindi walifunga mabao 29, wasifungwe hata moja. Nahodha wao katika safari ile alikuwa Jaipal Singh, Mkristo wa kabila la Wamunda, watu wa misitu na milima ambao wenzao wengi nchini waliwadharau. Mwaka 1932 huko Los Angeles waliwafunga Wamarekani 24 kwa 1. Mwaka 1936 huko Berlin waliwafunga Wajerumani 8 kwa 1 katika mchezo wa mwisho, mbele ya watu wa Ujerumani wenyewe, na bao lile moja ndilo pekee walilofungwa katika mashindano yote. Mwaka 1956 huko Melbourne walifunga 38, na langoni mwao halikuingia kitu. Medali za dhahabu sita mfululizo, tangu 1928 hata 1956! Hakuna timu nyingine ya magongo iliyowahi kufanya hivyo.

Je, watu wao walifurahi? Walifurahi, tena ilikuwa haki yao. Utazameni mwaka 1948. India ilikuwa imepata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Tarehe 12 Agosti 1948, siku tatu kabla ya kutimia mwaka mmoja, timu yake ilisimama katika uwanja wa Wembley mjini London na kucheza na Uingereza, mtawala wa jana, katika mchezo ambao mtawala mwenyewe ndiye aliyeufundisha. India ilishinda 4 kwa 0. Bendera ya taifa changa ikapandishwa katika mji mkuu wa dola iliyokuwa ikilitawala. Mtu aliyelelewa akiambiwa kila siku kwamba yeye ni mdogo, kisha akaona jambo lile, amruhusuni aruke na kulia machozi ya furaha. Nasi tuliopandisha bendera yetu usiku wa Desemba mwaka 1961 twaijua furaha hiyo. Bikira Maria naye alipomtembelea Elizabeti alimshangilia Mungu anayewakweza wanyonge, na Kanisa laimba utenzi wake kila jioni.

Twasema hivi kwa sababu wako waamini wachaji, tena wenye nia njema, wanaodhani kwamba Mkristo mwema hana budi kununa watu wanaposhangilia mchezo. Sivyo. Papa Pius XII aliwapokea wanamichezo wa Roma tarehe 20 Mei 1945, vita vya Ulaya vikiwa vimekwisha siku chache tu kabla, akawafundisha kwamba mwili ni kazi ya Mungu na mazoezi yake yaweza kuitumikia roho. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake huko Wadowice alikuwa mlinda lango, aliadhimisha Misa Takatifu pamoja na wanamichezo katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma tarehe 29 Oktoba 2000, Mwaka wa Yubilei Kuu. Mtakatifu Paulo hakuona haya kuwaandikia Wakorinto juu ya wanaoshindana mbio kwa ajili ya taji linalonyauka. Basi tusiwe wachaji kuliko mitume.

Shauri letu ni jingine. Furaha ya ushindi ni kitu kama moto wa jikoni: mahali pake ni mafigani. Na mtu aujua moto umetoka mafigani aonapo kwamba furaha yake haitoshi tena bila mwenzake kuaibika.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika yetu, atusimulia katika kitabu cha sita cha Maungamo yake habari za rafiki yake Alipio. Kijana huyu alikuwa ameichukia michezo ya Roma, ambamo watu walipigana kwa panga hata kufa ili wengine watazame. Siku moja rafiki zake wakamburuta kwenda uwanjani, wakicheka. Akawaambia kwamba mwili wake waweza kuuweka pale, lakini macho yake hawatayapata, akayafumba. Laiti angaliziba na masikio! Mpiganaji mmoja akaanguka, umati mzima ukapiga ukelele, na Alipio, kwa kutaka kujua tu, akayafumbua macho. Augustino asema kwamba wakati ule alijeruhiwa rohoni kuliko yule aliyejeruhiwa mwilini. Alikunywa ukatili kama mvinyo, akaanza kupiga kelele pamoja na wengine, na baadaye alirudi mwenyewe bila kuburutwa, tena akiwaleta wenzake. Mungu alimhurumia, Alipio alibatizwa, akawa Askofu wa Thagaste, na twamheshimu kama mtakatifu. Lakini angalieni jinsi alivyoanguka. Hakushawishiwa na hoja yoyote. Kelele za wengi ndizo zilizomchukua, akawa mtu ambaye asubuhi ya siku ile asingalikubali kuwa.

Basi tuutazame umati mwingine, huko New Delhi, tarehe 1 Desemba 1982.

Ili mfahamu uzito wa siku ile, kumbukeni kwamba India na Pakistan zilikuwa nchi moja hadi mwaka 1947. Zilipotengana ilimwagika damu ya watu wengi mno, na baadaye zikapigana vita mwaka 1965 na tena mwaka 1971. Wachezaji waliokuwa wakivaa fulana moja walijikuta pande mbili za mpaka. Pakistan ndiyo iliyoukomesha ufalme wa India katika magongo, kwa bao moja tu, huko Roma mwaka 1960. Tangu hapo kila mara timu hizo zilipokutana, watazamaji wengi hawakuona tena wanaume ishirini na wawili na mpira, waliona majeshi.

Mwaka 1982 Pakistan ilikuwa na timu ya ajabu. Mwezi wa Januari ilitwaa Kombe la Dunia katika mji wa Bombay. Mwezi wa Desemba ikaingia katika mchezo wa mwisho wa Michezo ya Asia dhidi ya wenyeji, mbele ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, uwanja umejaa pomoni, na mamilioni wakitazama katika luninga ya rangi, ambayo iliingia India mwaka uleule. India ndiyo iliyotangulia kufunga. Watu wakapiga vigelegele. Kisha Wapakistani wakafunga moja, wakafunga la pili, la tatu, na hawakukoma mpaka yalipotimia saba. Saba kwa moja. Waziri Mkuu aliondoka kabla mchezo haujaisha.

Huko Pakistan furaha ilikuwa kubwa, na wale wachezaji waliistahili kabisa, kwa maana walicheza vizuri mno. Sisi twataka kuutazama upande wa pili. Mlinda lango wa India alikuwa Mir Ranjan Negi. Mabao saba yalimpita yeye, na walinzi wanne au watano waliopaswa kumkinga hawakutajwa sana. Kabla ya usiku kwisha maneno yalianza kuenea: amehongwa, amejiuza kwa adui, ni msaliti. Hapakuwa na ushahidi. Palikuwa na watu waliojeruhiwa kiburi chao, nao walihitaji mahali pa kuutua mzigo. Kwa miaka mingi mtu huyo aliishi na jina hilo la msaliti, akajitenga na mchezo alioupenda.

Hapo, wapenzi wasomaji, hatuzungumzi tena juu ya mchezo. Hapo pana Amri ya Nane ya Mungu, iliyo kinyume cha kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu yatufundisha kwamba kumdhania mwenzako ubaya bila sababu ya kutosha ni dhambi, na kumsingizia ni dhambi kubwa zaidi, na kwamba aliyemwondolea mtu heshima yake ana wajibu wa kumrudishia. Ni nani aliyemrudishia Negi heshima yake? Wale maelfu waliompigia kelele walikwenda makwao wakala chakula cha usiku, na kila mmoja alijiona kuwa ni sauti moja tu kati ya nyingi, tena sauti ndogo. Hivyo ndivyo dhambi ya umati ilivyo: hugawanywa kwa wengi hata kila mtu ajione hana kitu cha kuungama. Umati wa Yerusalemu nao uligawana vivyo hivyo. Siku ya Matawi walitandika nguo njiani. Ijumaa wakapiga ukelele mwingine, na Pilato alipokwisha kunawa mikono hatusikii habari za mtu hata mmoja kati yao aliyekwenda kuomba radhi.

Negi alirudi. Mwaka 1998 India ilipeleka timu kwenye Michezo ya Asia huko Bangkok, naye akawa mwalimu wa walinda lango. Katika mchezo wa mwisho India na Korea ya Kusini zilitoka sare, ikabidi mshindi apatikane kwa mapigo ya adhabu. Mlinda lango Ashish Ballal akayazuia mawili, na India ikapata dhahabu ya Asia baada ya miaka 32. Twafurahi pamoja naye. Lakini msitoe hapo fundisho la haraka kwamba mambo yote huishia vizuri. Kati ya 1982 na 1998 pana miaka kumi na sita, na hakuna medali iwezayo kumrudishia mtu miaka.

Sasa tuje kwetu, maana huenda msomaji asema moyoni mwake kwamba hayo ni mambo ya Wahindi na Wapakistani.

Mwezi wa Julai 1980 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Moscow. Kwa sababu jeshi la Urusi lilikuwa limeingia Afghanistan, Marekani ilizitaka nchi nyingine zisiende. Rais Carter hata alimtuma Muhammad Ali, bondia mashuhuri, aje Dar es Salaam kutushawishi. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere hakukubali uamuzi wa nchi yetu uamuliwe na wengine, na wanamichezo wetu wakaenda. Kila mtoto wa shule amesikia kwamba Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali za fedha katika mbio. Wachache sana wamesikia kwamba ilikuwako timu nyingine ya Tanzania huko Moscow, timu ya mpira wa magongo.

Mataifa makubwa ya mchezo huo, kama vile Pakistan, Ujerumani ya Magharibi, Uholanzi na Australia, yalikuwa hayakuja. Nafasi zikabaki wazi, Tanzania ikaalikwa. Vijana wetu walisimama uwanjani mbele ya India, mabingwa wa Olimpiki mara saba. Matokeo yalikuwa 18 kwa 0.

Someni tena hesabu hiyo polepole. Mabao kumi na manane katika mchezo wa dakika sabini. Yaani kila baada ya dakika nne hivi mlinda lango wetu aligeuka, akautoa mpira wavuni, na mchezo ukaanzishwa upya katikati ya uwanja. Twajua jinsi washangiliaji wa upande ule walivyoipokea habari hiyo: kwao ilikuwa dalili kwamba siku za kale za utukufu zimerudi. Na kweli India ilitwaa dhahabu, ikiishinda Uhispania 4 kwa 3 katika mchezo wa mwisho, medali yake ya nane. Hatuwaonei uchungu. Ila tuangalie jambo moja. Timu ileile iliyotufunga 18 haikuweza kuishinda Poland. Zilitoka 2 kwa 2. Na ilipokutana na Uhispania mara ya kwanza, zilitoka vilevile, 2 kwa 2. Mabao yale mengi hayakuwaongezea kitu walipokutana na wenye nguvu sawa nao. Na tangu mwaka ule hata Michezo ya Paris ya mwaka 2024, ambako India ilipata medali ya shaba, dhahabu ya Olimpiki katika magongo haijarudi India tena. Taji linanyauka, kama Mtume alivyosema.

Na vijana wetu je? Baada ya siku ile hawakufunga mizigo kurudi nyumbani. Walikuwa na michezo mingine katika ratiba, nao wakaicheza. Uhispania iliwafunga 12. Wakaingia tena. Walimaliza wakiwa wa sita kati ya timu sita. Twajiuliza ni yupi katika uwanja ule aliyekuwa na moyo mkubwa zaidi: yule aliyefunga bao la kumi na nane, au yule aliyevaa tena fulana ya taifa lake siku chache baada ya kufungwa kumi na manane, akijua kwamba atafungwa tena? Tumezoea kuwaita wa kwanza mashujaa. Wa pili hatuwaiti kwa jina lolote, isipokuwa kwa kicheko.

Sasa mwafahamu kwa nini tumeuchukua mfano huu. Katika kila ushindi mkubwa, zile namba mbili za matokeo zina watu nyuma yake, na sisi Watanzania tumekwisha kuwa nyuma ya ile sifuri. Aliyewahi kukaa upande huo asingepaswa kumcheka aliyeko huko leo. Torati ilikuwa ikiwakumbusha Waisraeli daima kwamba walikuwa wageni katika nchi ya Misri, ili wasimwonee mgeni. Aliyetupiga 18 alitufanyia wema mmoja ambao hakuukusudia: alitupa kumbukumbu.

Tena, mshindani si adui. Yeye ndiye anayeuwezesha mchezo kuwapo. Ng'oa timu moja uwanjani, na ile nyingine yabaki ikikimbia huku na huku kama watoto wasio na wa kucheza nao. Mshindi apokea ushindi wake, kwa namna fulani, kutoka katika mikono ya aliyeshindwa, ambaye alikubali kuja na kujiweka katika hatari ya aibu. Ndiyo maana baada ya mchezo hupeana mikono. Mara nyingi wachezaji hufanya hivyo kwa moyo wa kweli, na wale walio jukwaani ndio wanaokataa.

Nyumbani ndiko mambo haya yanakojulikana. Watoto hawajifunzi ushabiki uwanjani. Hujifunza sebuleni, kwa kumsikia baba. Baba akimwita mlinda lango wa timu yake mpumbavu, mtoto ameandika. Akisema kwamba mwamuzi amehongwa, naye hana ushahidi wowote zaidi ya hasira yake, mtoto ameandika hilo pia, na siku atakaposhindwa mtihani atasema kwamba mwalimu alihongwa. Akiwacheka majirani kwa sababu timu yao imepigwa, mtoto atakwenda kesho shuleni kumcheka mtoto wa majirani hao.

Kuna jambo zito zaidi, nalo hatutalipita kimya. Ziko nyumba katika parokia zetu ambamo mama huuliza matokeo ya mchezo kabla mumewe hajarudi, ili ajue usiku utakuwaje. Timu imeshinda, mume atarudi amelewa kwa furaha. Timu imeshindwa, atarudi amelewa kwa hasira, na watoto wataambiwa walale mapema. Mwanamume wa namna hiyo asijidanganye kwamba anaipenda timu. Timu haijui hata jina lake. Aliowaahidi upendo mbele ya altare ni wale wanaojificha chumbani.

Na siku hizi umeingia ugonjwa mwingine, huo mkeka, kama vijana wauitavyo, wa kuwekea fedha matokeo ya michezo. Zamani mtu alishangilia kwa sababu alipenda. Leo kijana ashangilia bao lililofungwa katika nchi asiyoijua, na timu asiyoijali, kwa sababu ameweka hapo ada ya mdogo wake. Na akipoteza, hasira yake humwangukia mchezaji aliyekosa bao, mtu wa mbali ambaye hakumwomba aweke kitu. Negi wangapi watatengenezwa kwa njia hiyo? Wazazi wasingoje mpaka vitu vianze kutoweka nyumbani ndipo waulize.

Kuhusu Dominika hatuna haja ya kusema mengi. Mchezo wa mchana haumzuii mtu kwenda Misa ya asubuhi, ila kama alikesha akiusubiri.

Turudi kwa Daudi, maana yule kijana aliyeimbiwa alikuwa na neno lake mwenyewe. Sauli alimwinda miaka mingi porini na mapangoni. Hatimaye habari ikaja kwamba Sauli amekufa katika vita na Wafilisti, katika mlima wa Gilboa. Adui wa Daudi ameanguka, na njia ya kiti cha ufalme i wazi. Kama kuna siku ya kupiga matari, ni hiyo. Lakini Daudi alirarua mavazi yake, akafunga hata jioni, akatunga maombolezo, na ndani yake akasihi habari isitangazwe katika miji ya Wafilisti, wasije binti zao wakafurahi na kucheza. Alijua binti wa Israeli walivyoimba siku ile, na wimbo wao ulimgharimu nini yeye na Sauli pia. Akamtaja Sauli kwa uhodari wake, wala hakutaja mkuki.

Basi tunawaomba wazazi kitu kidogo. Siku timu ya taifa itakaposhinda kwa mabao mengi, nasi twaomba siku hiyo ije upesi, pigeni vigelegele, chinjeni kuku kama yupo. Kisha wakati wa sala ya jioni, kabla ya watoto kwenda kulala, mtajeni Mungu kwa ajili ya ushindi, na mtajeni pia mlinda lango wa upande wa pili. Naye ana mama anayemngoja. Na mtoto akiuliza kwa nini, mwelezeni habari za Moscow mwaka 1980. Mwambieni idadi yote, kumi na manane, msipunguze hata bao moja, na mwambieni kwamba kabla ya juma kwisha vijana wale waliingia tena uwanjani.